Kikapu Hakirudi Kitupu

Luvungi, Jumanne tarehe 6 Juni

Nimemwona! Rémy wa Luberizi, amekaa mbele ya nyumba ya Mama Generose, juu ya kiti changu. Kile cha bluu, chenye mguu nilioufunga waya kwa mikono hii, enzi binti yake, Délice, bado ananiita mpenzi. Mimi kilinidondosha mara ngapi! Yeye kimemvumilia. Hata kiti kinamjua mtu mwenye pikipiki.

Na alikuwa anakunywa chai. Chai ya termosi yetu! Ile ya maua mekundu niliyoipakata kutoka Uvira, barabara nzima ya mashimo. Faraja yangu ni moja: kifuniko chake ninacho mimi. Délice aliponiacha kilikuwa mfukoni mwangu, sikukirudisha. Basi chai inapoa. Apoe nayo.

Nimerudi sokoni kwenye meza yangu ya viatu vya mitumba, nikamuuzia mama mmoja viatu vyote viwili vya mguu wa kushoto. Wivu umenipofusha. Fabiola, anayekaanga mandazi meza ya jirani, aliuliza kama nimekula, akaniletea maharagwe kwa bakuli. Nimekula. Bakuli nimelisukuma chini ya meza, pamoja na mengine yake.

Jumatano tarehe 7

Habari mbaya. Fabiola anasema Jumamosi familia ya Rémy inakuja rasmi kumwomba Délice. Wanaleta pombe, wanaleta na msemaji mwenye kofia. Nikamwambia hainihusu. Akauliza kama hainihusu, mbona nimekumbatia kandambili ya mwanamke?

Ni kweli, nilikuwa nimeikumbatia. Ya waridi, ya mguu wa kulia, Délice aliisahau kwangu siku ya mvua. Ninacho pia kitana chake, meno mawili yametoka, nywele zake bado zimo. Na kikapu chenye mfuniko alichoniletea chakula nilipougua malaria.

Wazo! Kikapu cha watu lazima kirudi, na kwetu hakirudi kitupu. Nitakijaza ushahidi: kandambili, kitana, kifuniko cha termosi. Nitakipeleka Jumamosi mbele ya wakwe wote. Rémy ataona kwamba hapa palikuwa na mtu. Atapanda pikipiki yake akalilie huko kwenye mashamba yao ya mpunga.

Ijumaa tarehe 9

Fabiola amejaribu kunizuia. “Arakaza, weye, alikuacha mbele ya watu wa kanisa wote, haikutosha?” Nikamjibu kwamba hajui mapenzi. Akanipakulia maharagwe, kisha akauliza mabakuli yake yako wapi. Watu wana mambo madogo!

Nimeazima koti la kaka. Mikono ni mirefu. Ninaonekana kama mtoto wa komunyo ya kwanza.

Jumamosi tarehe 10, jioni

Aibu! Ngoja niandike polepole.

Nilifika wakati mzuri. Mzee Ndihokubwayo, mjomba wa Délice na msemaji wa kwao, alikuwa anawazungusha wageni kama desturi inavyotaka: mara hapa hakuna binti, kuna mbuzi tu, mara binti yuko safarini. Mwisho akasikitika kwamba wamechelewa, binti ana mwenyewe. Kila mtu anajua ni mchezo. Mimi pia najua. Lakini niliposikia “mwenyewe”, miguu ilisimama bila kuniuliza.

“Mwenyewe ni miye! Vitu vyake iko huku!” Nikainua kikapu.

 Kikalipuka kicheko, mpaka akina mama wakaegemeana. Walidhani nimepangwa! Mzee Ndihokubwayo aliduwaa kidogo, halafu, mjanja yule, akanishika bega: ndiye huyu sasa, wageni watamfanyaje?

Nikatoa kandambili. Délice, aliyefichwa ndani, alichungulia dirishani akapiga kelele kwamba hiyo ameitafuta tangu mwaka jana. Ikapelekwa ndani. Nikatoa kifuniko. Mama Generose akanipokonya huku akishukuru, akakifunga kwenye termosi. Kikaingia vizuri kabisa. Sasa chai ya Rémy itabaki moto mpaka kesho! Kitana tu ndicho nilichorudishiwa. Délice alituma neno kwamba nibaki nacho, nywele zangu zinakihitaji kuliko zake.

Ndipo msemaji mwenye kofia akasema mwenye kudai lazima atulizwe. Wakaniletea chupa ya bia, ya baridi. Jua lilikuwa kali, koti la kaka zito. Nikainywa yote.

Makofi! Vigelegele! Hapo nikakumbuka: mwenye kudai akinywa, ameachia. Mbele ya wazee wa pande zote mbili nimemwachia Rémy mchumba wangu kwa chupa moja. Rémy akanikumbatia. Ananukia vizuri, shetani yule.

Kikapu kilibaki kwa Mama Generose.

Jumatatu tarehe 12

Jana sikwenda misa. Nililia. Bado ninampenda, sina la kuficha kwenye daftari langu mwenyewe.

Leo msemaji mwenye kofia kanifuata sokoni. Ananiita msanii. Kuna posa nyingine Katogota, anataka nikamdai binti wa huko. Nimekataa. Mimi si mchekeshaji.

Halafu, kikapu kimerudi! Mama Generose kakileta mwenyewe, kimejaa mchele na nyama, akanishukuru kwa kuchangamsha sherehe. Fabiola anasema ni desturi tu, hakirudi kitupu. Desturi! Mbona nyama yenyewe ya paja? Na mbona Délice aliniachia kitana? Mwanamke asiyekutaka hakuachii nywele zake. Ananiita, ni wazi kabisa.

Basi lazima kikapu kirudi tena. Harusi ni Agosti. Nitakipeleka siku hiyo, kitana ndani. Safari hii sitakunywa kitu. Labda nusu chupa.

Mchana Fabiola kaniletea maharagwe kwa bakuli jipya, lenye mfuniko, la maua mekundu. Akasimama kidogo kama anayengoja kitu, kisha akarudi kwenye mafuta yake. Nimekula, nikalisukuma chini ya meza. Limegoma kuingia, huko kumejaa. Kesho nitamwambia aje ayaondoe mabakuli yake, nipate pa kuweka kikapu.