Kuingia Bwaise Bila Neno la Siri

Jumatatu, 11 Aprili 2016

Aibu! Jana, kwenye mkutano wa wazee wa Bukavu nyuma ya mgahawa wa Mama Séraphine katika mtaa huu wa Kabalagala, neno la siri lilinitoroka tena. Mara ya pili mfululizo! Kumbukumbu zote za chama zimo kwenye kompyuta yangu kubwa kule mtaa wa Bwaise, juu ya meza iliyoinuliwa kwa matofali, maana mafuriko hayapigi hodi. Huwa nazifungua kwa mbali, kutoka kompyuta ndogo. Mtandao ulikuwa mzuri. Kichwa ndicho kilichokatika.

Josias, makamu wangu, akauliza mbele ya wote kama neno langu nalo limevuka mpaka kukimbia vita. Wakacheka! Hata Mama Séraphine, sahani ya sombe, kisamvu chetu, mkononi. Kisha Josias akatoa hoja: Jumapili ijayo, nisipofungua kumbukumbu kabla chai haijamiminwa, achaguliwe katibu mwingine. Sote tunajua nani.

Bukavu nilikuwa mkuu wa shule. Tangu nikimbilie nchi hii, mwaka 1996, ukatibu ndio cheo pekee nilichonacho. Siutoi!

(Neno lilinirudia jioni nikivua viatu. Kawaida yake: baada ya mkutano.)

Jumanne, 12 Aprili

Dawa imepatikana! Kompyuta mbili zinaweza kujuana bila neno la siri. Unatengeneza ufunguo na kufuli lake. Ufunguo unabaki nao kwenye kompyuta ndogo. Kufuli unalipeleka kwenye kubwa. Ukifika, vinalinganishwa, unafunguliwa. Hakuna cha kukumbuka! Mtu aliyebuni hili lazima alikuwa na makamu kama wangu.

Nikafanya yote kabla ya chakula cha mchana. Nikajaribu. Ikaniuliza neno la siri.

Kumbe ufunguo nimeupeleka Bwaise, nikabaki Kabalagala na kufuli. Kosa la haraka. Msomi yeyote angeweza kulifanya.

Alhamisi, 14 Aprili

Kila kitu kipo mahali pake sasa. Bado inauliza!

Nikafikiri kama mwalimu. Mlango haufunguki kwa nini? Kwa sababu ruhusa hazitoshi. Basi nikatoa ruhusa! Folda ya kufuli, na folda zote zinazoizunguka: kila mtu asome, kila mtu aandike, kila mtu aingie. Kwetu Bukavu mlango uliofungwa mchana ulikuwa tusi kwa majirani. Milango ile, jamani. Nikajaribu.

Inauliza. Mashine haina adabu!

Josias akapita kusalimia. Akataka kujua kama Papa Katibu angependa aandikiwe lile neno kiganjani. Nikamwambia akachemshe chai yake mapema, ataihitaji.

Jumamosi, 16 Aprili

Nilipanda hadi ofisi za polisi Naguru, kompyuta ndogo kwapani, kwa Sajini Abalo, Mwacholi, jirani yangu wa zamani, ambaye siku hizi anahudumia kompyuta za polisi. Akaomba aingie kwenye kompyuta ya Bwaise aione. (Neno la siri nililikumbuka mara moja. Josias hakuwepo.) Akatazama zile ruhusa, akaangua kicheko.

"Mzee wangu, wewe unafungulia Bwaise yote mlango, halafu unataka hii komputa iamini kufuli yako? Mutu yoyote anaweza toa hiyo kufuli, aweke yake. Hata mimi nakataa!"

Kumbe mashine ilikuwa ikinilinda! Tukafuta ruhusa za watu wote, tukabakiza zangu. Nikajaribu. Bwaise! Niko Bwaise! Bila kuulizwa chochote! Nikatoka, nikaingia, nikatoka, nikaingia tena. Nilipiga vigelegele hadi askari wa getini akaja kuangalia nani kakamatwa. Sajini akanisihi nikumbuke umri wangu.

Jumapili, 17 Aprili

Ushindi! Chai ingali kwenye birika, kumbukumbu zikafunguka. Makofi! Mikono ikapanda ya kunibakiza, hata wa mke wa Josias.

Josias hakushindwa la kusema. Papa, akasema, mwizi akiibeba hiyo kompyuta ndogo hapa Kabalagala, si ataingia Bwaise bila hata kubisha? Wazee wakaguna. Mama Séraphine naye akaguna! Nikawaahidi ulinzi kamili kabla jua halijazama.

Ahadi nimeitimiza. Ufunguo wenyewe nimeuwekea neno la siri. Jipya! Zaburi ya Kilatini niliyofundishwa na mapadre, imeandikwa kinyumenyume, na kila herufi ya tatu nimeigeuza tarakimu. Njia ya kuingia kwa neno la zamani nimeiziba kabisa. Mwizi atalia!

Sikuliandika popote, hata humu. La nini? Nimelitunga mwenyewe. Limenikaa kichwani barabara, isipokuwa ile sehemu ya katikati.