Sumaku na Nishani ya Babu Kahangwa

Jumatatu, 2 Juni
Nimerudi Kibeta kutoka Izigo na kijisanduku cha Babu Kahangwa mfukoni. Ndani mna nishani ya Kijerumani: msalaba mweusi, ukingo mweupe. Ofisa mmoja alimwachia Babu wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akasema atarudi kuichukua. Hakurudi. Babu akaitunza hadi kufa kwake, na Izigo nzima ikamcheka, ikamwita Mlinzi wa Bati. Shangazi Vestina, binti yake, ana miaka themanini na saba. Jumapili tuna misa ya kumkumbuka Babu, na anataka kujua kabla ya hapo: halisi au bandia? Ikiwa halisi, atasimama mbele ya ukoo aseme. Ikiwa bandia, atanyamaza. Akauliza nani ataipima. Mwanawe, binamu yangu Audax, alikuwa anafungua mdomo. Nikamwahi. Mimi! Nimeshatazama video tatu.

Jumanne, 3 Juni
Kazi imekwisha kabla ya chai. Nimeng'oa sumaku kwenye spika ya redio iliyokufa. Hoja yangu nyepesi: fedha hainaswi na sumaku, dhahabu hainaswi. Kinachonaswa ni chuma tu. Nikaisogeza. Pa! Imenasa. Chuma kitupu! Maskini Babu.

Nikampigia Shangazi. Akasema kasinge waitu, asante yetu ya Kihaya, akauliza kama baba yake alikuwa mjinga. Nikamwambia hapana, aliamini watu tu. Nilijisikia vibaya, lakini utaalamu una uchungu wake.

Alhamisi, 5 Juni
Nimepata wazo la kumfariji. Angalau arudishiwe iking'aa! Nimeisugua kwa majivu na ndimu saa nzima. Weusi umetoka hapa na pale, lakini inameremeta. Kijisanduku nacho kilikuwa aibu: kitambaa cha ndani, kilichokuwa cheupe zamani, kina doa la kahawia lenye umbo la msalaba. Nikampelekea Nasma, fundi cherehani. Akauliza mara mbili kama nina hakika. Mafundi wa siku hizi! Nikamwambia ang'oe, aweke satini nyekundu iliyobaki kwenye gauni la harusi ya mtu.

Audax kapiga simu. Eti ningeipeleka kwa Mama Hemlata, duka la akina Jamnadas. Wivu huo.

Ijumaa, 6 Juni
Nimekwenda kwa Mama Hemlata ili tu kumnyamazisha Audax. Anauza vitambaa, lakini marehemu mumewe alikusanya nishani miaka arobaini, na macho ya kuchagua yalikuwa ya mama huyu. Akatazama ukingo kwa lenzi, akaomba sumaku. Nikacheka. Ikanasa. Akasema ndivyo inavyotakiwa: msalaba wa kweli wa aina hii una moyo wa chuma ndani ya fremu ya fedha. Bandia nyingi ni kipande kimoja cha madini laini, na hizo sumaku haizitaki.

Moyo ukanilipuka. Kisha akauliza mwendawazimu gani ameisugua. Nikasema binamu yangu. Akafungua kijisanduku, akaona satini, akakaa kitini. Akasema doa lile ndilo lililoonyesha kwamba nishani na sanduku lake vimekaa pamoja miaka mia. Kitambaa kiko wapi? Nikatoka mbio hadi kwa Nasma. Alikuwa amekihifadhi kwenye droo ya vifungo. Alisema alijua nitarudi. Niliona aibu, kweli kweli.

Jumapili, 8 Juni
Izigo. Njia nzima nilitunga maelezo: sumaku ilikuwa mbovu. Sikupata nafasi. Mama Hemlata alimweleza Audax, Audax akamweleza mama yake. Shangazi aliniamuru ning'oe satini mbele yake, akatandika kitambaa cha zamani kwa mkono wake. Msalaba ukalala juu ya doa lake, sawasawa.

Baada ya misa alisimama kaburini, kwenye migomba. Akasema baba yake aliambiwa atunze kitu cha mtu, akakitunza, na kitu kilikuwa cha kweli. Mzee Rugambwa wa pale kijijini, aliyemcheka Babu kuliko wote, akavua kofia. Mimi Shangazi hakunitaja, kwa wema wala kwa ubaya. Baadaye akanikaribisha kahawa ya kutafuna, kama mgeni. Nililia nyuma ya jiko. Nikasingizia moshi.

Jumatano, 11 Juni
Nimetafakari sana siku hizi tatu. Kosa langu lilikuwa kutojua sumaku inasema nini. Sasa najua: ikinasa, halisi. Nimetundika kibao mlangoni: ISHENGOMA, MPIMA VITU VYA THAMANI.

Mteja wa kwanza kafika leo, Mzee Kagaruki. Kaleta pete ya dhahabu atakayomvisha mkewe Jumamosi, kanisani, kwenye jubilei ya miaka hamsini ya ndoa. Kainunua kwa mtu asiyemjua, na hajalala tangu hapo. Nikasogeza sumaku. Pa! Hata kuibandua ilikuwa shida.

Nikamkumbatia. Nikamwambia akalale usingizi, ni halisi kabisa.