Mvuke, Mama Mkwe na Paka wa Kutumwa

Leo nimeaibika. Si ile aibu ndogo ya kujikwaa mbele ya kanisa. Nimeaibika mbele ya mtu ambaye hata jina lake siruhusiwi kulitamka. Nawaandikia kutoka saiba, duka la intaneti, hapa Machakos mjini, nikinuka masizi, na dada wa hapa amenihamisha kiti mara mbili (ati nachafua kibodi).

Kwa wale wa kikundi hiki ambao hawajafika kwangu: naishi Mua, huko juu kwenye baridi, katika nyumba ya mzungu fulani wa zamani. Huyo mzungu aliumwa na mifupa. Watu wengine wakiumwa na mifupa hununua sweta. Yeye alileta boila ya chuma, akaiweka nyuma ya jikoni, akapitisha mabomba ukutani mpaka kila chumba kikawa na dude la chuma lenye mbavu mbavu. Unachoma kuni, maji yanachemka, mvuke unapita kwenye mbavu, nyumba inapata joto. Kisha akafa, akatuachia mbavu. (Asante sana, mzee.)

Miaka yote hiyo tulizitumia kuanikia nepi. Lakini mke wangu amejifungua msichana wa pili, na kwetu Ukambani msichana wa pili hupewa jina la mama ya mke. Basi mama mkwe akakubali kuja kumwona wajina wake na kulala kwangu kwa mara ya kwanza tangu nioe. Anatoka Ekalakala, kule ambako jua halina likizo. Mke wangu akanionya, "Baba Mwende, mama akishikwa na baridi kwa hii nyumba, hatarudi tena. Na watu wa kwetu wote watajua ni kwa nini." Mnaona? Heshima yangu yote kwa wakwe ilikuwa imetundikwa kwenye mbavu za mzungu.

Na heshima hiyo si mchezo. Kati ya mwanamume na mama mkwe wake kuna nthoni, ile staha ya kukaa mbali. Humshiki mkono. Huingii chumba alicholala. Humwangalii usoni. Mimi najiita mtu wa kisasa, nina hata barua pepe, lakini mama mkwe akikohoa tu natoka kwa mlango wa nyuma. Na kama kuna neno la lazima na hakuna mtu wa kulipeleka, unakiambia kitu kingine kilicho karibu, naye akasikia. Nyumbani kwetu tunatumia paka.

Basi nikatafuta fundi. Wa kwanza alikuwa wa mabomba. Akaizunguka boila, akaniuliza lile swali ambalo nadhani mafundi wote wa Kenya hufundishwa kabla ya kushika nyundo: "Nani alikufanyia hii kazi?"

"Mzungu. Alikufa."

"Alikuharibia," akasema kwa huzuni. Akaenda kununua spea. Nafikiri bado yuko njiani.

Wa pili alikuwa makanika wa malori. Akasema hiyo ni rejeta tu, akaniuliza injini iko wapi. Wa tatu alikuja na mke wake, wakanywa chai, wakasifu nyumba, wakaenda zao. Nilikuwa nimeanza kumwomba Mungu alete joto mwenyewe.

Ndipo jana nikaletewa Fundi Kyalo wa Kangundo, aliyewahi kuchochea boila ya jikoni katika shule ya bweni. Alikuja na spana moja na kujiamini kwa watu kumi. "Hii kitu naijua kama mfuko yangu," akasema. Leo asubuhi akawasha. Jamani, mbavu zikapata joto! Mke wangu akatabasamu, akambeba mtoto, akampeleka kliniki. Mama mkwe akaingia chumba cha wageni kupumzika. Mimi nikakaa barazani nikijisifu moyoni. Mkwe kama mimi watampata wapi?

Kisha nikasikia mluzi.

Nikakimbia nyuma. Boila ilikuwa inatetemeka. Kyalo alikuwa anatazama geji ya kupimia mvuke, na mshale wa geji ulikuwa umepita rangi nyekundu, unaendelea na safari.

"Hii ni kawaida?"

"Ni kawaida," akasema, huku akirudi nyuma.

Kumbe kuna valvu ndogo juu ya boila inayotoa mvuke ukizidi. Fundi wangu alikuwa ameiziba kwa kigingi cha mti, na joto lilikuwa limekivimbisha, hakitoki tena. "Ilikuwa inapoteza mvuke bure," akanieleza. (Mtu mwenye uchumi, huyo.)

Nikamwambia azime moto. Akasema ukimwaga maji kwa chuma ya moto hivyo, inapasuka. Dawa ni moja tu: kufungua bolti ya mbavu za mwisho, chini karibu na sakafu, mvuke utoke. "Nimeifunga na kitambaa isivuje. Ni laini, unazungusha tu na mkono."

"Mbavu za mwisho ziko wapi?"

Akanyoosha kidole. Chumba cha wageni!

Nikamwambia aende yeye, fundi ni yeye. Akachukua spana, akafika mlangoni, na huko ndani mama mkwe akakohoa. Kyalo akasimama kama aliyekanyaga msumari.

"Huyu mgeni wako ni wa wapi?"

"Ekalakala."

"Kwa nani?"

Nikamtajia ukoo. Kyalo akarudi nyuma amejiziba uso kwa kofia. "Asi! Huyu ni dada ya mama ya bibi yangu! Ni mama mkwe wangu pia!"

Ukambani kote, na mafundi wote hao, mimi nikaletewa aliyeoa kwa wakwe zangu.

Ilibaki paka. Alikuwa amelala mlangoni, anafurahia joto. Nikainama nikamwambia kwa sauti, "Paka, kama kuna mtu huko ndani, ingefaa atoke nje kidogo."

Kisha sauti ya mama mkwe: "Paka, mwambie huyo mtu mimi nimevaa nguo ya kulala. Na huko nje nasikia wanaume wawili."

"Paka, basi labda huyo mtu angefungua bolti iliyo hapo chini."

"Paka, mwambie sikutoka Ekalakala kuja kufungua bolti. Lakini mwambie joto ni nesa muno, zuri sana. Aongeze."

Aongeze! Boila ikatoa sauti ya ng'ombe anayezaa. Niliogopa, nawaambia kweli. Sikuihofia nyumba. Niliwaza nitampelekea mke wangu habari gani.

Ndipo Kyalo akapata wazo (nilipaswa kukimbia hapo hapo). Tuingie tumejifunika mablanketi kichwani. Tusiyemwona hatujamkosea. Tupite kinyumenyume, tupapase, tufungue, tutoke. Nikaona ni jambo la busara! Nikamtuma paka kutangaza kwamba kuna mablanketi mawili yanaingia, tukaingia kwa makalio, Kyalo amenishika mkanda.

"Paka, hawa wamelewa?" mama mkwe akauliza.

Joto humo ndani lilikuwa la kuivisha maharagwe. Nikapiga magoti. Nikapapasa sakafu. Nikagusa chuma. Nikashuka chini kidogo, nikapata kitu kigumu kimefungwa kitambaa. Bolti! Nikaizungusha. Ikakataa. Nikaishika kwa mikono miwili, nikaizungusha kwa nguvu zote alizonipa Mungu.

Bolti ikasema, "Aiyaaa!"

Mama mkwe alikuwa amevuta kiti mpaka kwenye mbavu, akaweka miguu juu ya bomba la chini aote moto. Nilikuwa nimeshika kidole gumba chake.

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Nilimsukuma Kyalo, Kyalo akamwangukia paka, paka akapanda juu ya blanketi langu. Mama mkwe akauruka mzigo wote huo akatoka. Hapo bolti yenyewe, ile ya chuma, ikaamua kujifungua bila msaada wa mtu. Mvuke ukajaa chumba, na maji meusi ya tangu ukoloni yakatumwagikia. Tukatambaa nje kwa magoti, tukifuata upepo, mpaka barazani.

Nikavua blanketi.

Barazani walikuwa wamesimama akina mama wa kanisa, waliokuja kumwona mtoto, kila mmoja na kikapu chake. Mama mkwe alikuwa katikati yao na nguo ya kulala, mguu mmoja una soksi, mwingine mtupu. Mke wangu ndiyo kwanza alikuwa anaingia langoni na mtoto mgongoni. Alimwangalia mama yake. Akamwangalia Kyalo. Akaniangalia mkono.

"Baba Mwende," akauliza taratibu, "hiyo soksi ni ya nani?"

Mama mmoja wa kanisa alianza kuimba pambio, akaacha.

Mama mkwe akanigeukia. Miaka yote hiyo hajawahi kuniambia neno moja uso kwa uso. Leo aliniambia.

"Kijana. Utalipa faini ya mbuzi wawili, mmoja wa kidole, mmoja wa hawa mama kuniona hivi. Halafu uwashe tena hiyo kitu. Nyumba imeanza kupoa."

Hatarudi Ekalakala! Amekataa kuondoka! Ningeruka kwa furaha, ila Kyalo alikuwa tayari ameruka ua na spana yake, na sijamwona tena.

Basi msinicheke. Nisaidieni. Natafuta fundi wa mvuke, awe na spana au asiwe nayo, ajue kazi au asijue. Sharti langu ni moja tu: awe kapera.