Jitu la Nyota Lililoamkiwa Shikamoo

Namshukuru Mungu aliyenipa pumzi ya leo, na aliyenificha gizani kwa muda, ingawa hakunificha mpaka mwisho.

Leo nimeumbuka.

Binti yangu Neema ametengeneza filamu ya kutisha, ya mambo ya wakati ujao. Wachimba dhahabu wanachimba mpaka wanaliamsha jitu lililotoka kwenye nyota. Ameipiga huku kwetu, kwenye mashimo ya wachimbaji yaliyoachwa. Maneno ya wahusika nimeandika mimi. (Niliomba mwenyewe. Nimefundisha dini hapa Ushirombo hadi nikastaafu, nikajiona fundi wa maneno.)

Mchana tukaionyesha kwenye ukumbi wa parokia, madirisha tumeyaziba kwa mablanketi. Alikuja mama mmoja wa televisheni kutoka Mwanza. Akiipenda, anaichukua. Neema hakuwa ametia kitu tumboni tangu asubuhi.

Ukumbi ulijaa, nikapata nafasi nyuma kabisa, kati ya mke wangu na mama huyo. Hakunijua.

Jamani, zile picha. Vumbi jekundu linapaa, taa za kichwani zinamulika gizani, mji wa vioo unachomoza kutoka shimoni. Watu wakanyoosha shingo. Mke wangu akanishika mkono (jambo la nadra).

Kisha jitu likatokea, linang'aa kama chuma kilichoyeyuka. Hapo shujaa alitakiwa akimbie. Lakini wakati wa kuandika nilijiuliza: jitu limeishi maelfu ya miaka, kijana atalikimbiaje bila kuliamkia? Basi shujaa akasimama.

"Shikamoo."

Jitu likajibu kwa sauti ya kutetemesha mabati: "Marahaba."

Ukumbi ukaangua kicheko. Nikadhani wamependa.

Wakaulizana habari za nyumbani. Za ng'ombe. Za mvua. Jitu likataja ukoo wake wote, baba kwa babu. (Niliiga Kitabu cha Mwanzo.) Shujaa naye akatoa nasaha kuhusu tamaa ya dhahabu, huku nyuma yake mgodi unaporomoka taratibu, kana kwamba unamsubiri amalize.

"We jitu, mmeze tupumzike," mtu akasema kutoka mbele.

Mama wa televisheni akaniinamia. "Mzee, picha za huyu binti ni za ajabu. Lakini haya maneno kaandika nani?"

"Sijui, mwanangu."

"Anahubiri tu."

"Kweli, anachosha." (Mke wangu akauachia mkono wangu. Leo nimemwelewa Petro. Nikashukuru tu kwamba jogoo hakuwika.)

Jogoo hakuhitajika. Filamu ikaisha, ukuta mzima ukajaa herufi: MANENO YAMEANDIKWA NA KATEKISTA ANTONI, BABA YAKE NEEMA. Chini yake picha yangu, nimevaa suti. (Picha nayo niliiomba.) Mablanketi yakashushwa. Mama yule akaitazama picha, akanitazama mimi.

"Shikamoo, baba," akasema polepole.

"Marahaba," nikaitika.

Ukumbi mzima ukacheka upya.

Akamwita Neema. Filamu anaichukua, ila jitu lisiongee, na shujaa akimbie. "Lakini ile marahaba ibaki. Hiyo ni nzuri."

Neema akanigeukia. "Baba?"

"Toa mengine yote, mwanangu. Na picha yangu."

Akanikumbatia, kisha akauliza kama kuna wali.

Tukiwa njiani kurudi, mke wangu alianza kucheka peke yake. Halafu akasema, "Baba Neema, miezi yote ile umetufukuza mezani, kumbe ulikuwa unaandika neno moja."

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akubariki, ailinde nyumba yako, na akujalie jamaa wanaokuambia mapema kwamba inatosha.