Ini Moja, Mabingwa Watatu

Kwa Mkuu wa Maabara ya Patholojia,

Ndugu Mkuu,

Natumaini u mzima wa afya. Mimi sijui kama ni mzima, na ndiyo sababu nakuandikia.

Nina homa ya ini sugu. Mlinichoma sindano ubavuni, mkatoa kijipande cha ini chembamba kama uzi, mkakiweka kwenye darubini ili mseme makovu yamefika wapi. Mabingwa wako watatu wamekitazama kijipande hicho hicho. Wa kwanza kaandika makovu ni machache, ningoje. Wa pili kaandika ni ya wastani. Wa tatu kaandika ini limeanza kusinyaa. Daktari wa kliniki hataki kunianzishia dawa mpaka wapatane. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nina bucha. Wateja hubishania uzito wa ini kila siku, lakini hajatokea wa kuniambia kwamba ni figo.

2. Nyumba imegawanyika. Mke wangu yuko na bingwa wa kwanza, kwa hiyo bado ananibebesha magunia ya mkaa. Mama mkwe yuko na wa pili, maana hapendi kugombana na mtu. Shemeji anamwamini wa tatu, na jana nimemkuta akijaribu koti langu la harusi. Lilimkaa vizuri, jambo lililozidi kunikera.

3. Bingwa wa pili alipoombwa atazame tena, alijipinga mwenyewe. Fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Hapa kuna fahali anayepigana peke yake, na nyasi ni mimi.

4. Naomba wafungiwe chumba kimoja na darubini yao, bila chai, mpaka wawe na neno moja. Wakishindwa, wapige kura. Nami nipewe kura, kwa kuwa mwenye ini ni mimi.

Usidhani nafanya mzaha, Ndugu Mkuu. Naogopa. Kila asubuhi naamka sijui nimpangie mwanangu habari za mwakani au ninyamaze. Nipeni neno moja tu, liwe lolote, nitalipokea kwa shukrani.

Wasalimie wote hapo maabara, pamoja na yule dada wa mapokezi anayenipa pole kabla sijasema shida yangu.

Wako anayesubiri jibu,
Mwenye bucha

N.B. Kabla sijafunga bahasha nimepigiwa simu kutoka ofisini kwako. Mabingwa wamekaa pamoja na wamekubaliana, hakuna aliyebisha: wa tatu ndiye aliyekuwa sahihi. Tafadhali puuza yote niliyoandika hapo juu. Naomba nitafutiwe bingwa wa nne, awe mbishi.