Ombi la Kurudishiwa Laptopu Inayokwama

Kwa Fundi Mkuu,
Karakana ya Kompyuta,
Juu ya duka la vioo.

Shemeji yangu mpendwa na mheshimiwa,

KUHUSU: KURUDISHWA KWA LAPTOPU YETU KATIKA UBOVU WAKE WA AWALI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, bisibisi mkononi na moyo umetulia. Sisi hatujambo kabisa. Leo ni siku ya ishirini na sita tangu tufunge ndoa, na bado nikimsikia mume wangu akivua viatu mlangoni, moyo hunidunda kana kwamba ndiyo kwanza anakuja kuposa. Ndiyo maana inaniuma kukulalamikia wewe, uliyesimama kando yake siku ya harusi, ukamshikia pete, ukaahidi mbele ya watu wote kwamba ndoa hii utailinda kama mboni ya jicho lako.

Shemeji, ahadi hiyo umeivunja kwa brashi ya vumbi.

Wiki mbili zilizopita mume wangu alikuletea laptopu yake ya michezo, ile nene ya miaka minane ambayo herufi zake zimefutika. Uliifungua, ukasafisha feni, ukapaka dawa mpya ya kupoza joto, ukaongeza memori. Ulipoona kadi ya picha ya ndani imechomelewa na haibadilishiki, ukamuunganishia kikasha cha nje chenye kadi mpya. Alirudi nacho nyumbani amekikumbatia kama mtoto mchanga. Tangu siku hiyo yamenifika haya:

1. Kelele zimekwisha. Zamani feni ilinguruma kama mashine ya kusaga nafaka, na mume wangu akitaka kuniambia neno ilimbidi anifuate mpaka sikioni. Hata "chumvi imekwisha" niliambiwa kwa kunong'onezwa. Sasa nyumba ni kimya, ananisemesha akiwa palepale kitini. Neno linafika, pumzi haifiki.

2. Joto limekwisha. Asubuhi za baridi tulikuwa tukiweka mikono yetu minne juu ya laptopu ile, na soksi zake nikizianika pembeni. Siku hizi imepoa kama sahani. Soksi ni mbichi, na mikono kila mtu na yake.

3. Haikwami tena. Hapa naomba usome taratibu. Mchezo ulikuwa ukikwama kila baada ya robo saa, na kuufungua upya kulichukua dakika nne. Katika dakika hizo mume wangu alikuwa akigeuza kiti na kunitazama mimi. Shemeji, mimi nimeposwa ndani ya dakika nne! Nilikuwa nimekuja kumtembelea dada yake, nimekaa ukingoni mwa kochi, mchezo ukakwama, kaka mtu akageuka. Akasema, "Hivi wewe ukiolewa na mtu mwenye laptopu kama hii, utavumilia?" Nikamjibu, "Inategemea mtu." Mchezo ukafunguka nyuma ya mgongo wake, maadui wakamuua mara tatu, wala hakugeuka. Je, kadi yako mpya imewahi kuleta posa? Jana jioni amenigeukia mara mbili tu, na mara moja alikuwa anatafuta chaja.

4. Picha zinaonekana. Mchezo wenyewe ni wa kusafiri na kujenga. Ili laptopu iumudu, mume wangu alikuwa akipunguza ubora wa picha mpaka watu hawana pua, miti imekuwa mifagio, na vibao vya njiani havisomeki. Basi nilikuwa nakaa ubavuni pake na kumuuliza, "Hilo tope ni nini?" Naye hunijibu kwa sauti ile unayoijua, "Huo ni mto, Kidoti wangu. Ng'ambo kuna mlima, na jua linazama nyuma yake." Dunia nzima niliipata kinywani mwake. Leo mto unaonekana wenyewe, hadi mawe ya chini, na mimi sina tena la kuuliza.

5. Hili ndilo linaloninyima raha. Siku hizi nikimsogelea anakifunika kioo kwa taulo na kusema, "Bado, usitazame." Mke wa siku ishirini na sita anaambiwa asitazame! Nimemlilia mama mkwe, naye akanijibu, "Mwanangu, mpe wiki moja." Wiki moja, shemeji, wakati mimi hata saa zake za kazini nazihesabu kwa vidole.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima na taadhima, kikasha ukichukue na vumbi ulirudishe kwenye feni. Ili usisumbuke kulitafuta, nimeambatisha bahasha ndogo ya vumbi nililolifagia chini ya kitanda chetu. Ni vumbi jipya la ndoa changa.

Aidha, kwa faida ya jamii nzima, napendekeza bwana harusi asiruhusiwe kuoa mpaka laptopu yake ikaguliwe na kuthibitishwa kuwa ni mbovu. Wenye laptopu nzima wapewe muda wa kuziharibu. Nanyi mafundi mle kiapo cha kutogusa mashine ya wanandoa ambao hawajatimiza miaka saba.

Usipotekeleza kufikia Ijumaa, nitaibandika picha ya ua juu ya uso wako katika albamu yetu ya harusi. Kwenye kurasa zote.

Nisalimie mkeo, watoto, muuza vioo wa chini, na wateja wako wote waliokaa kwenye benchi. Waambie wasiwe na haraka, kusubiri kuna baraka zake.

Mimi, mwenye furaha na masikitiko,
Kidoti, mke wa rafiki yako

Baada ya sahihi: Kabla sijafunga bahasha, mume wangu aliingia kuoga, nami nikaiwasha laptopu ili nikuandikie ushahidi wa jinsi inavyokimbia. Nimeuona mto. Ng'ambo yake, chini ya mlima, kuna nyumba ndogo yenye mapazia ya bluu, yaleyale niliyoyataka tukayakosa dukani. Mlangoni kuna kibao, na kwa kadi yako mpya kinasomeka: KWA KIDOTI. ZAWADI YA MWEZI WETU WA KWANZA. Nimelia mpaka kibao kikawa hakisomeki kama zamani.

Tafadhali futa namba moja hadi tano, na vumbi ulitupe mbali na feni. Ila madirisha ya jikoni ya nyumba hiyo yana ukungu kidogo, kwa hiyo naomba uongeze memori, nyingi kadiri itakavyokubali. Nimeanza kumjengea mume wangu baraza humo mchezoni, ndiyo maana mwandiko umeharibika. Naandika kwa mkono mmoja. Alishatoka kuoga zamani. Ameniita mara tatu nikale, nikamwambia nakuja. Sasa amesimama nyuma ya kiti changu na taulo lake begani, ananiuliza kwa upole kitu hiki kitakwama lini.