Mafua Yasinikute Kabla ya Jumapili

Jumatatu, 4 Desemba

Peilan kapiga simu. Binti yangu huyu akitoa amri utadhani yeye ndiye kanizaa. Jumapili mtoto wake anatimiza mwezi, mgahawa umeshachukuliwa. Mmoja wa mababu atambeba kumzungusha kwa wageni: mimi, au Mzee Shu, baba wa mumewe. Nani? Atakayekuwa mzima. Mwenye mafua asikanyage. "Hata chafya moja, Baba. Sitanii."

Kwa Shu ni rahisi! Huyo huogelea mtoni Desemba hii hii, akatoka mwekundu kama kamba wa kuchemshwa, anacheka. Mimi mtu akifungua friji tu, kamasi hizo. Na mjukuu wangu sijamshika hata mara moja. Mwezi mzima namwona kwenye simu.

Mke wangu Guixiang kashauri nivae kofia na nilale mapema. Kinga gani hiyo? Nimekwenda duka la mitishamba, nikaomba mizizi ya huangqi, ile ya kuupa mwili nguvu. Muuzaji kauliza nani mgonjwa. Hakuna. Basi vipande vichache kwenye supu vinatosha, kasema. Nimechemsha pakiti nzima. Ladha ya udongo uliotiwa sukari. Nimemaliza chungu, nimekaa kitini naisikiliza pua yangu.

Jumanne, 5 Desemba

Chafya! Moja, lakini nimeisikia vizuri.

Ni upepo wa baridi, umeingilia kisogoni. Kila mtu hapa Changsha anajua dawa yake: kuutoa kwa jasho. Tangawizi, mashina meupe ya vitunguu majani, sukari guru. Wenzangu hunywa kikombe. Nimekunywa birika. Miguu kwenye beseni la maji moto, mablanketi mawili juu. Guixiang kapita, kauliza najitibu au najipika.

Jasho likaja. Likazidi. Moyo ukaanza kwenda mbio, nikaona nakufa kabla ya Jumapili. Nikakimbilia roshani nipate hewa. Shingo imelowa chapachapa, na upepo unatoka mtoni moja kwa moja.

Ole wangu.

Jumatano, 6 Desemba

Koo linawaka. Kamasi za njano.

Nimekwenda kwa Daktari Yin, yule mama wa kliniki ya dawa za asili hapo kona. Mpango: anitangaze mzima, nimwonyeshe Peilan. Najua hutazama ulimi. Kwa hiyo nyumbani niliusugua kwa mswaki, kisha nikanywa juisi ya forosadi ili upate wekundu wa afya. Ulitoka wa zambarau.

Daktari kautazama kwa muda mrefu. Kashika kifundo cha mkono wangu, kasikiliza mapigo, kauliza kwa upole ni nini nimejifanyia. Nikamweleza. Kafumba macho. Kasema nilikuwa na baridi kidogo tu, nikaichochea moto hadi koo likaungua. Tangawizi basi! Kanipa maua makavu na mnanaa, nichemshe kidogo, ninywe vuguvugu. Uji mwepesi, kitanda, homa ikipanda niende hospitali. Na nisimsogelee mtoto mpaka nipone.

Nikamwomba aandike tu kwamba pua yangu ni ya kawaida.

"Mzee Kuang," kasema, "pua yako inadondokea meza yangu."

Alhamisi, 7 Desemba

Nimewaza sana. Ikiwa mimi siwezi kupona, basi Shu aweza kuugua. Si ugonjwa wa kutisha! Kamafua tu.

Asubuhi nimekwenda mtoni. Shu alikuwa katikati ya maji, anapuliza maji kama pomboo. Vitu vyake kaviacha kwenye ngazi za mawe. Nikachukua taulo ili nilifiche nyuma ya mti kwa muda. Ngazi zina utelezi. Sijui hata ilikuwaje. Mimi na taulo, wote mtoni!

Baridi ile sitaisahau. Nilitaka kupiga kelele, sauti haikutoka. Nikasikia mkono umenishika kola, ukanivuta kama gunia. Ni Shu. Kanivalisha koti lake, kofia yake, soksi zake. Kanimiminia tangawizi ya moto kutoka kwenye chupa yake ya chai, sikuthubutu kumwambia nimekatazwa. Na muda wote huo yeye kasimama na kichupi cha kuogelea kwenye upepo, maji yanamtiririka mgongoni, ananipigapiga mashavu.

"Mkwe! Si ungeniambia unataka kujifunza kuogelea? Tungeanza wakati wa joto!"

Machozi yakanitoka. Nikasema ni maji ya mto.

Ijumaa, 8 Desemba

Shu kapiga simu. Sauti kama mlango uliokosa mafuta. Ana mafua!

Nimeruka kitandani kwa furaha. Kisha kaendelea kuongea, nikakaa. Kumbe naye hajamshika mtoto. Peilan alimkataza, ati mtu wa kushinda mtoni ana baridi mwilini. Kaniambia, kwa aibu, kwamba amekuwa akifanya mazoezi ya kubeba kwa mfuko wa mchele. Kichwa mkono wa kushoto, matako mkono wa kulia.

Mimi hutumia boga. Sikumwambia.

Nikamwambia asihuzunike, mkwe wake ana mpango.

Jumapili, 10 Desemba

Mpango: mafuta ya mnanaa puani, kwa wingi, ili kamasi zikome. Tumekutana nje ya mgahawa tukapakana. Macho yakawaka. Tumeingia tumeshikana mikono, machozi yanatiririka, tukidai ni furaha. Shangazi mmoja kaguswa, kaanza kulia nasi.

Peilan hakuguswa. Kanusa. Kasema tunanuka kama kabati la dawa. Shu kafungua mdomo ajitetee, badala ya neno ikatoka chafya, juu ya sinia la mayai yaliyotiwa rangi nyekundu ya heri. Nami nikamfuata.

"Nje! Wote wawili!"

Tumekaa benchi chini ya dirisha, blanketi moja, kila mmoja na bakuli lake la uji. Ndani, Guixiang ndiye kambeba mtoto meza hadi meza. Mzima kabisa, mashavu yanang'aa. Shu kakoroga uji wake. Mara kauliza polepole:

"Mkwe, taulo langu siku ile ulikuwa unalipeleka wapi?"

Nikala uji. Kanitazama, kacheka mpaka kakohoa, kanivutia blanketi upande wangu.

Kisha Guixiang kaja dirishani, kamwinua mtoto. Mtoto katukunjia uso, wazee wawili wenye pua nyekundu. Kaweka kiganja kwenye kioo. Shu kaweka kidole upande wetu. Nami nikaweka changu. Kioo kilikuwa cha baridi sana na hakuna aliyeondoa mkono.

Jumatano, 13 Desemba

Tumepona. Guixiang anasema ni kwa sababu nimelala na kuacha vitimbi vyangu. Hajui kitu.

Peilan kalainika. Mtoto akitimiza siku mia kuna sherehe nyingine, tutambeba kwa zamu, mimi na Shu. Katuomba jambo moja tu: tutulie. Tutulie! Mafua yamejaa mji mzima!

Nimenunua misokoto ya majani makavu ya pakanga. Unaiwasha, unaisogeza karibu na mguu, chini kidogo ya goti, joto linaufungia upepo mlango. Muuzaji kasisitiza mmoja, tena kwa mbali. Nimewasha minne, kwa karibu. Nimemwita Shu naye apate. Guixiang kaingia anakohoa, kafungua madirisha yote, kauliza nani anaungua.

Hakuna anayeungua. Ni suruali tu, tena tundu dogo. Ila sasa upepo unaingilia hapo.

Nawasha wa tano.